Kujaza mteremko wa shamba kiotomatiki: kwa nini namba hutoka vibaya na jinsi ya kuzirekebisha

SWALI: Tunatengeneza programu ya kukadiria mmomonyoko wa udongo na upotevu wa mbolea kwa mashamba ya wakulima wadogo, kuanzia milimani Lushoto hadi kwenye majaruba ya mpunga ya Mombo. Mpaka sasa afisa ugani huchagua mwenyewe "tambarare", "wastani" au "mkali". Tunataka mfumo uchukue mipaka ya shamba na kujaza mteremko wenyewe. Tulipakua data za mwinuko za SRTM, tukaendesha gdaldem (programu ya kupiga hesabu ya mteremko), tukakuta karibu kila shamba lina nyuzi 89. Tulipolirekebisha hilo, majaruba yakatoka na mteremko wa asilimia 4, na mashamba mengine madogo yakakosa namba kabisa. Tunakosea wapi?

JIBU: Mna matatizo matatu, kila moja na chanzo chake. Lipo na la nne ambalo hamjaligundua kwa sababu halitoi namba ya kushangaza, nalo ndilo litakaloharibu makadirio yenu ya mmomonyoko kuliko mengine yote: matuta ya ngazi. Nitafika huko, lakini kwanza tumalize yaliyo mepesi.

Nyuzi 89 zinatokana na vipimo visivyolingana. Faili la SRTM limepangwa kwa latitudo na longitudo, kwa hiyo upana wa pikseli umeandikwa 0.000278, ambayo ni sehemu ya nyuzi, ilhali mwinuko umeandikwa kwa mita. Programu inagawanya mita kwa nyuzi bila kuuliza. Pikseli mbili zikipishana mita 1 tu, yenyewe huona ardhi imepanda mita 1 katika umbali wa 0.000278, na huo ni ukuta. GDAL, maktaba inayobeba gdaldem, kuanzia toleo la 3.11 hulirekebisha jambo hili yenyewe. Matoleo ya nyuma hayafanyi hivyo, ndiyo maana amri ileile inaweza kutoa majibu mawili kwenye kompyuta mbili. Msiitegemee bahati hiyo. Hamisheni mwinuko kwenda UTM, mfumo wa ramani unaopima kwa mita, kwanza, kisha mpige hesabu ya mteremko:

gdalwarp -t_srs EPSG:32737 -tr 30 30 -r bilinear -ot Float32 mwinuko.tif mwinuko_utm.tif

gdaldem slope mwinuko_utm.tif mteremko.tif -p -compute_edges

Lushoto na Mombo zote ziko kanda ya 37 Kusini, ndiyo hiyo EPSG:32737. Mkipanuka magharibi ya longitudo 36 mtaingia kanda ya 36, EPSG:32736, na kipande cha Kigoma kilicho magharibi ya longitudo 30 kiko kanda ya 35. Shamba lichakatwe katika kanda yake.

Kuna mambo mawili ndani ya amri ya kwanza ambayo watu huyaacha kwa kudhani ni pambo. Bila "-r bilinear", gdalwarp huchukua thamani ya pikseli iliyo jirani zaidi, na kwa kufanya hivyo hurudia safu moja hapa na kuruka nyingine pale. Ukiangalia ramani ya mwinuko huoni kitu, ila ramani ya mteremko hujaa mistari mirefu iliyonyooka isiyokuwepo ardhini. Na bila "-ot Float32", matokeo hubaki namba nzima kama SRTM yenyewe, hivyo desimali zote zilizopatikana kwa kulainisha hukatwa palepale.

Kuhusu data, ningeiacha SRTM. Ilikusanywa kwa rada kutoka chombo cha anga Endeavour mnamo Februari 2000, na mwinuko wake umeandikwa kwa mita nzima. Milimani hilo halina madhara makubwa. Bondeni, ardhi inageuka kuwa ngazi za mita 1: mteremko ni 0 juu ya kila ngazi, halafu unaruka hadi karibu asilimia 1.7 kwenye ukingo wake. Copernicus GLO-30 imetokana na rada za TanDEM-X za miaka ya 2011 hadi 2015, ina desimali, pikseli zake ni za kipimo kilekile cha takriban mita 30, na haina malipo. Eneo lenu lote linaingia katika kigae (faili la nyuzi moja kwa nyuzi moja) cha S05 E038. Jina hufuata kona ya kusini magharibi, kwa hiyo S05 hubeba latitudo ya 5 hadi ya 4 Kusini. Msichanganye vigae vya SRTM na vya Copernicus katika mozaiki moja. Vina rejea tofauti za usawa wa bahari, EGM96 na EGM2008, na mahali vinapokutana panaweza kutokea ngazi ya bandia. Mkibaki na SRTM ghafi, hakikisheni thamani ya -32768 imetangazwa kuwa pengo, la sivyo pikseli tupu moja itasomwa kama shimo la kilomita 32.

Sasa mashamba yaliyokosa namba. Mara nyingi sababu ni mpangilio wa kazi: mnakata mwinuko kwa mipaka ya shamba kwanza, kisha mnapiga hesabu ya mteremko. Hesabu hiyo inahitaji pikseli nane zinazoizunguka kila pikseli. Shamba la ekari moja lililokatwa lina pikseli nne au tano, hakuna hata moja iliyozungukwa pande zote, kwa hiyo zote zinarudi tupu. Pigeni mteremko wa wilaya nzima mara moja, uhifadhini, kisha shamba liulize rasta (ramani ya pikseli) iliyokwisha kutengenezwa. Kigae kimoja kizima ni pikseli 3,600 kwa 3,600, takriban megabaiti 52 kabla ya kubanwa. Hakuna sababu ya kuendesha gdaldem kila mkulima anaposajiliwa.

Sababu ya pili ni kanuni ya kitovu. Maktaba ya rasterstats, msipoiambia vinginevyo, huhesabu pikseli ambayo kitovu chake kiko ndani ya mipaka. Shamba jembamba la mita 15 linaweza kupita katikati ya vitovu bila kugusa hata kimoja. Mkiwasha all_touched mtapata namba, lakini pikseli iliyoguswa kwa mita mbili itahesabiwa sawa na iliyomo nzima. Tumieni exactextract, ambayo huipa kila pikseli uzito kulingana na eneo lake lililomo ndani ya shamba.

Hata mkiyafanya hayo yote sawasawa, namba mtakayopata ina mpaka ambao hakuna programu itakayouvuka. Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Pikseli moja ni 900. Dirisha la pikseli tatu kwa tatu linalotumika kupata mteremko wa pikseli moja ni mita 90 kwa 90, yaani mita za mraba 8,100, ambazo ni ekari mbili. Kwa hiyo mteremko mnaouita wa shamba la ekari moja umetokana na eneo lililo kubwa mara mbili ya shamba lenyewe hata kwa pikseli moja tu, na kwa pikseli zote nne au tano limezidi hapo. Namba hiyo inaueleza upande wa mlima ambamo shamba limo. Kwa makadirio ya kata au bonde zima inatosha kabisa. Kwa kumshauri mkulima mmoja mmoja inatosha pale tu upande huo wa mlima unapokuwa wa namna moja. Iandikeni hivyo kwenye skrini: "mteremko wa eneo la shamba", si "mteremko wa shamba".

Hapa pia ndipo mipaka yenyewe inapohusika. Shamba la ekari moja lenye umbo la mraba lina mita 64 kila upande, na GPS ya simu ikikosea mita kadhaa si hoja kwa rasta ya mita 30. Hoja ni mipaka iliyochorwa kutoka ramani za zamani za 1:50,000. Ramani hizo zimo katika mfumo wa Arc 1960, na mtu akizisoma kana kwamba ni WGS84, mfumo wa GPS, kila kitu kinahama takriban mita 300. Usambara, mita 300 ni mlima mwingine. Mkiona mashamba ya bondeni yanapata mteremko wa asilimia 50 na ya juu yanapata 5, angalieni hili kabla ya lolote.

Twende kwenye majaruba. Asilimia 4 ya Mombo ni mteremko wa makosa, ardhi yenyewe haina hatia. Kila pikseli ya mwinuko ina kosa lake dogo la nasibu. Tuseme kosa hilo lina mkengeuko (ukubwa wake wa kawaida) wa mita 2, na makosa ya pikseli jirani hayahusiani. Kwa fomula ya Horn ambayo gdaldem huitumia, pikseli za mita 30, kosa hilo huzaa mkengeuko wa asilimia 2.9 kwa mwelekeo wa mashariki na magharibi, na kiasi hichohicho kwa kaskazini na kusini. Na kwa kuwa mteremko hauna alama ya kutoa, makosa hayo hayafutani, yanajumlishwa. Ardhi iliyo sawa kabisa itasomeka wastani wa asilimia 3.6. Mkichukua wastani wa shamba zima, wastani huo hautashuka, kwa sababu kila pikseli imeegemea upande uleule.

Dawa ni kulainisha mwinuko kabla ya hesabu. Ukiulainisha mteremko wenyewe baada ya hesabu hupati kitu. Kwa bondeni, njia ninayoiamini zaidi ni kuchukua dirisha la pikseli saba kwa saba na kutafuta bapa moja linalozipita pikseli zote 49 kwa makosa madogo kabisa, kisha mteremko wa bapa hilo ndio mteremko wa mahali. Kwa kosa lilelile la mita 2, mkengeuko unashuka kutoka asilimia 2.9 hadi karibu 0.5, na bonde lililo sawa husomeka asilimia 0.6. Kwa kweli makosa ya rada ya pikseli jirani huhusiana kwa kiasi fulani, kwa hiyo faida itakuwa pungufu ya hapo, lakini bado kubwa. Gharama yake ni kwamba dirisha limekuwa mita 210, hivyo njia hii isiguse milimani, ambako itakata vilele na kujaza makorongo. Kipimo rahisi cha kuamua ni tofauti ya mwinuko ndani ya dirisha: ikiwa chini ya mita 10 kwa dirisha zima, tumieni bapa, ikizidi, bakini na tatu kwa tatu. Kizingiti hicho mtakirekebisha mkishapima uwanjani.

Ila kwa jaruba lenye kingo, lililosawazishwa kwa jembe au trekta ili maji yasimame, msipoteze muda na setelaiti. Mkulima amekwisha kuufuta mteremko. Zao likiwa mpunga wa kumwagilia, mfumo uandike asilimia 0 hadi 0.5 kwa kanuni, na ueleze kwamba ni kanuni.

Miti ni tatizo ambalo kwenu litajitokeza kandokando ya Msitu wa Magamba na popote penye mashamba ya mikaratusi. SRTM na Copernicus zote hupima kilele cha uoto au karibu nacho, hazioni udongo ulio chini. Msitu wa mita 20 unaopakana na shamba la viazi huongeza mwinuko wa mita 20 katika umbali wa mita 60 wa dirisha, yaani mteremko wa bandia wa asilimia 33. Watu wengi hukumbuka kwamba msitu huongeza mteremko; wachache hukumbuka kwamba huuficha pia. Msitu ukiwa upande wa chini wa shamba, vilele vya miti hupanda hadi usawa wa shamba, na mteremko halisi wa asilimia 33 unasomeka kama uwanja wa mpira. Hilo la pili ni la hatari zaidi, maana shamba linaloporomoka litaonekana halina tatizo. Chukueni ramani ya ESA WorldCover ya mwaka 2021, yenye pikseli za mita 10, na kila shamba lililo ndani ya mita 45 kutoka kundi la miti lipewe alama ya shaka. Ipo pia FABDEM ya Chuo Kikuu cha Bristol, ambayo ni Copernicus iliyoondolewa kimo cha miti na majengo. Ni nzuri kwa kazi hii, lakini leseni yake ya bure hairuhusu biashara. Programu yenu ikiuzwa, someni masharti kwanza.

Na sasa matuta ya ngazi. Chukueni upande wa mlima wenye mteremko wa asilimia 40, uliokatwa ngazi, na kila ngazi ina mteremko wa asilimia 3. Rasta ya mita 30 itasema 40, na haikosei: huo ndio mteremko wa mlima. Lakini mvua inayoangukia mahindi inatiririka juu ya asilimia 3. Katika RUSLE, modeli ya kukadiria mmomonyoko, kigezo cha ukali wa mteremko ni 10.8 mara sine ya pembe, jumlisha 0.03, kwa mteremko ulio chini ya asilimia 9. Kuanzia asilimia 9 kinakuwa 16.8 mara sine, toa 0.50. Kwa asilimia 40 mnapata 5.74. Kwa asilimia 3 mnapata 0.35. Mkulima aliyejenga ngazi na kuzitunza atahesabiwa mmomonyoko mara 16 ya unaotokea juu ya ngazi zake. Programu itamwambia kwamba kazi yake ya miaka haipo.

Hakuna hesabu ya mita 30 itakayoziona ngazi za upana wa mita 3. Kwa hiyo ongezeni swali moja kwenye fomu ya afisa ugani: hakuna hifadhi, fanya juu (mtaro ambao udongo wake hutupwa upande wa juu kuwa tuta), matuta ya ngazi, au majaruba, na kama ni ngazi, upana wake na hali yake, nzima au zimebomoka. Ngazi nzima zichukue mteremko wa juu ya ngazi, uliopimwa au wa kukadiriwa. Zilizobomoka zibaki na mteremko wa mlima. Kwa fanya juu, mteremko wa mlima unabaki karibu uleule miaka ya mwanzo, kinachobadilika ni urefu wa mteremko, ambao sasa ni umbali kutoka tuta hadi tuta. Chagueni sehemu moja ya kuingiza faida hiyo. Mkifupisha urefu na papo hapo mkashusha kigezo cha hifadhi kwa sababu ya tuta lilelile, mmemhesabia mkulima mara mbili.

Urefu wa mteremko wenyewe, kama modeli yenu inauhitaji, sitauchambua kwa kina hapa. Unatokana na mtiririko wa maji, hivyo unahitaji eneo lote la juu linalomwagia shamba, na makorongo lazima yakatwe nje ya hesabu. RUSLE haikukusudiwa urefu unaozidi takriban mita 300. Programu ikiwaletea 900, imefuata korongo.

Namba ipi iingie kwenye modeli? Kwa shamba la chini ya hekta 2, wastani wenye uzito wa eneo, basi. Pikseli tano hazina pasentaili. Kwa shamba kubwa zaidi, wastani pekee unadanganya: nusu ikiwa asilimia 5 na nusu 45, wastani ni 25, mteremko usiokuwepo popote shambani. Hapo hifadhini midiani, pasentaili ya 90, na mgawanyo wa eneo kwa makundi. Makundi ya FAO ya asilimia 2, 5, 10, 15, 30 na 60 yanafaa na yanaeleweka kwa watu wa udongo. Kwa SWAT, modeli ya maji na udongo wa bonde, mkiitumia kupitia ArcSWAT mtayabana, maana ArcSWAT hupokea makundi matano tu ya mteremko.

Kuweni wakali na vipimo. SWAT katika kigezo chake cha HRU_SLP inataka mita kwa mita, 0.40. Faili la mteremko la WEPP, modeli nyingine ya mmomonyoko, pia. Nyingine zinataka asilimia 40. Fomula ya RUSLE niliyoitaja inataka pembe, nyuzi 21.8. Mkiandika 21.8 mahali panaposomwa asilimia, hakuna kitakacholalamika. Kigezo cha ukali kitashuka kutoka 5.74 hadi 3.08 na mtapoteza karibu nusu ya mmomonyoko kimyakimya. Jina la safu kwenye hifadhidata libebe kipimo: mteremko_asilimia, si mteremko.

Kabla ya kuwapa watu programu, pimeni mashamba 30 kwa mkono, kumi bondeni, kumi ya wastani, kumi makali. Bondeni tumieni kamba ya mita 10, fito mbili zenye kimo sawa na pima maji katikati ya kamba. Tofauti ya sentimita 10 ni asilimia 1. Kwenye asilimia 40 kamba hiyo haifai, kwa kuwa inashuka mita 4. Tumieni klinomita, au simu yenye kipimo cha pembe, mkilenga alama iliyowekwa kwenye fito kwa kimo cha jicho la anayepima. Msilaze kamba juu ya udongo na kugawanya kushuka kwa urefu wake: mtapata sine, na asilimia 40 itaandikwa 37. Pimeni kutoka ukingo wa juu hadi wa chini, mita 60 hadi 90 pakiruhusu, kwa sababu mnailinganisha na dirisha la mita 90. Kipimo cha mita 5 kati ya matuta mawili ya viazi kinapima kitu kingine. Kosa hilohilo huwapata wenye droni: rasta ya sentimita 10 inatoa mteremko wa kila tuta na kila mfereji, na ni lazima ipunguzwe hadi mita 2 au 5 kabla ya hesabu.

Kila namba ihifadhiwe pamoja na chanzo chake, toleo la data, ukubwa wa dirisha, alama ya shaka kama ipo, na kama imetoka kwenye rasta, kanuni au mkono wa mtu. Ile iliyopimwa kwa mkono ikae kwenye safu yake, ili siku mtakapoendesha hesabu upya kwa data nyingine isifutwe. Shamba lenye alama ya shaka ambalo halijapimwa lisitoe tani za udongo kwa hekta. Litoe ombi kwa afisa ugani, likitaja sababu: miti upande wa chini, matuta hayajaelezwa, au tofauti kubwa ndani ya dirisha.